Chumba cha Mbu Wasiouma

Harufu ndiyo iliyomsimamisha Inspekta mlangoni. Koplo wake alikuwa ameshatangulia ndani na daftari, anahesabu madirisha, lakini yeye alibaki kizingitini, kiganja kwenye fremu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni katikati ya barabara.

Ilikuwa harufu kavu, chungu kidogo, ya unga uliokorogwa na maji kisha ukakaukia ukutani. Hakuwa ameinusa kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipokuwa msichana wa miaka saba, harufu hiyo ilikuja mtaani mara mbili kwa mwaka na kukaa wiki nzima kwenye mapazia na mashuka. Mama yake aliilalamikia mchana kutwa, na ikifika saa ya kulala analala fofofo, bila mbu hata mmoja wa kumwimbia sikioni.

"Afande," Koplo aliita, "njoo uone."

Chumba kilikuwa kile kile. Zamani jengo lote lilikuwa zahanati, na hapa ndipo watoto walipopimiwa uzito. Ndoano ya mizani ilikuwa bado inaning'inia kwenye boriti. Yeye mwenyewe aliwahi kutundikwa pale akilia, dada zake wakicheka mpaka nesi akawatoa nje. Sasa chini ya ndoano hiyo palikuwa na rafu za chuma, na juu ya rafu vizimba ishirini na vinne vya wavu mweupe, kila kimoja kikubwa kama dawati la shule. Kila kizimba kilikuwa na mbu elfu moja. Wote walikuwa wamelala chini, wamekauka, kama majani ya chai yaliyomwagika.

Habari yenyewe Inspekta alikuwa ameisoma garini. Mradi huu ulifuga mbu madume tu. Madume hao walilelewa kwa namna ya pekee, wakikutana na majike wa mtaani mayai hayaanguliwi, na hivyo mbu wanapungua kizazi hadi kizazi bila kupuliza dawa. Wangeachiwa Ijumaa. Kiongozi wa mradi, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari, alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba kwa miezi mitano akieleza, na katika miezi hiyo mitano mtaa uligawanyika katikati kama mkate. Kuna waliosema homa imewachosha, waleteni hao mbu hata leo. Kuna waliouliza kama sisi ni panya wa kufanyiwa majaribio.

Jana yake, Jumanne alasiri, ulifanyika mkutano wa mwisho kwenye uwanja wa shule. Watu walikuwa bado uwanjani wakibishana wakati mtu alipoingia humu na kuwaua mbu wote elfu ishirini na nne.

Mtuhumiwa alishapatikana, au ndivyo mkuu wa kituo alivyoamini. Fundi cherehani mmoja, ambaye kwa sababu ya mdomo wake aliitwa Spika, alisimama mkutanoni akasema mbele ya kadamnasi kwamba mbu hao hawatatoka mle ndani wakiwa hai. Kisha akatoweka kwa nusu saa. Jioni akawekwa ndani. Asubuhi watu wakaanza kukusanyika nje ya kituo, na makao makuu yakaona heri yamtume Inspekta kabla mambo hayajaharibika. Aliyemtuma hakujua kwamba alizaliwa mitaa minne kutoka hapo. Inspekta naye hakusema.

Alianza na mlango. Kufuli lilikuwa zima, bila mkwaruzo. Mlinzi, mzee kidogo mwenye koti kubwa kuliko mwili wake, alieleza kwamba funguo hutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa kibanda chake.

"Nani anajua?"

"Kila mtu, afande. Tangu enzi za zahanati ziko hapo hapo."

Inspekta alijua. Hata yeye alikuwa akijua. Mlinzi alikiri, macho chini, kwamba aliacha lindo akaenda kusikiliza mkutano, lakini alisimama uzioni tu, hakuingia uwanjani, kana kwamba hilo lingempunguzia kosa. Kisha naye akauliza swali lake, kwa sauti ya mtu aliyeonewa: nani alitoa vyombo vyake vya chai nje?

Aliwaonyesha. Kwenye kona ya baraza palikuwa na birika, vikombe viwili, kopo la sukari na mkate uliokatwa nusu, vyote vimefunikwa kwa kitambaa safi, na pembe za kitambaa zimewekewa mawe ili upepo usikipeperushe. Kwa kawaida vyombo hivyo hukaa ndani, kwenye meza ya dirishani. Chini ya kitambaa hicho hicho, pembeni ya mkate, palikuwa na trei bapa yenye vipande vya karatasi ya kahawia. Mlinzi alidhani trei imewekwa pale na watu wa Daktari. Watu wa Daktari, walipoulizwa, walidhani imewekwa na mlinzi.

"Hizi karatasi ni nini?" Inspekta alimuuliza Daktari, aliyekuwa amesimama uani, miwani mkononi, amevimba macho kwa kukosa usingizi.

"Mayai," Daktari alisema. "Hivyo vidoa vyeusi. Ni kizazi kijacho chote. Angeyapuliza na haya, tungekuwa tumerudi nyuma mwaka mzima." Aliyatazama tena kama mtu aliyeokota mtoto. "Ni bahati tu."

Inspekta alimwambia Koplo aandike vitu vyote vya kwenye baraza, kimoja kimoja, na mawe manne ayaandike pia. Koplo aliandika, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu mwenye hasira hafuniki sukari ya mlinzi. Inspekta alimjibu kwamba mtu mwenye hasira na mbu hayaokoi mayai yao.

Walirudi ndani. Inspekta alifunga dirisha moja na kuliacha jingine wazi, ili mwanga uingie kwa ubavu. Hapo ukuta ukajitokeza. Kutoka darini hadi sakafuni palikuwa na mistari mipana ya weupe hafifu, iliyonyooka, mmoja baada ya mwingine, kuzunguka chumba kizima. Koplo alitoa futi yake akapima. Kila mstari ulikuwa na upana wa sentimita sabini na tano. Kila mstari ulipanda juu ya mwenzake kwa vidole vitatu. Alipima kumi na moja, na yote ilikuwa vivyo hivyo.

"Huyu amepaka rangi," Koplo alisema.

"Amepuliza. Kwa bomba la mgongoni, umbali wa mkono, bila kusimama. Juu mpaka chini, hatua moja kulia, chini mpaka juu." Aliyasema hayo haraka, kwa mahadhi, na Koplo akamtazama.

Watoto wa mtaa ndivyo walivyokuwa wakihesabu, wakimfuata mpulizaji nyumba hadi nyumba. Alikuja na tangi la shaba linalong'aa mgongoni, kofia pana na buti zilizomfika magotini, na kabla hajaanza alisimama mlangoni na kusema kwa adabu, mama, toeni chakula, toeni vyombo, funikeni maji. Walimwita Bwana Dawa. Kwa watoto wa wakati ule hapakuwa na mtu mkubwa kuliko yeye, labda mwalimu mkuu. Lakini wapulizaji walikuwa wengi, walitoka kila upande, na Inspekta hakuwa mtu wa kukamata kumbukumbu na kuipeleka mahakamani. Alisogelea vizimba.

Aliomba lenzi. Kwa kibano alichota mbu kutoka kizimba cha kwanza akawapanga kwenye karatasi nyeupe. Walikuwa wadogo, weusi, wenye madoa meupe miguuni. Marehemu baba yake alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ile ile ulikofanyika mkutano, na kila mwaka alichora mbu wawili ubaoni, wakubwa kama kuku. Dume ana ndevu, alikuwa akisema. Vipapasio vyake vimejaa manyoya, kama brashi. Jike hana. Darasa zima lilicheka kila alipofika hapo, naye kila mwaka alijifanya hajui kwa nini.

Mbu wa kizimba cha kwanza wote walikuwa na ndevu. Cha pili vile vile. Alipofika cha tisa, Inspekta aliinama zaidi, akasogeza karatasi kwenye mwanga. Alihesabu mia moja. Kati ya hao, sita hawakuwa na ndevu. Na kati ya hao sita, wanne walikuwa na matumbo yaliyovimba, meusi yanayoelekea wekundu.

"Daktari," aliita, "mbu wako wanakula nini?"

"Maji ya sukari. Dume hanywi kingine."

"Basi huyu alikula nini?"

Daktari alichukua lenzi. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinua kichwa alianza kueleza, kwa haraka na kwa ufasaha, kwamba majike hutenganishwa na madume wakiwa bado mabuu, kwa chekecheo, kwa sababu mabuu ya kike ni makubwa kidogo. Kwamba chekecheo moja lilionekana kulegea wiki iliyopita. Kwamba waliopenya ni wachache. Kwamba jike aliyezaliwa humu ndani hana ugonjwa wowote, kwani mbu huchukua ugonjwa kwa kumuuma mgonjwa, na hawa hawajawahi kumuuma mtu.

"Huyu amemuuma mtu," Inspekta alisema. "Jana mkutanoni uliwaambia nini watu?"

Daktari alivua miwani. "Niliwaambia hawaumi."

Kilichofuata kilikuwa kazi ya daftari la wageni. Jumanne asubuhi aliingia mgeni mmoja tu, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa zamani, herufi zimeinama zote upande mmoja kama mahindi kwenye upepo. Jina lenyewe halikumwambia Inspekta chochote. Daktari alieleza kwamba huyo ni mzee mstaafu ambaye angezungumza mkutanoni, kwa kuwa alipigana na mbu maisha yake yote na watu wanamwamini. Aliomba kwanza awaone hao mbu. Aliomba pia aingize mkono kizimbani, naye Daktari akamruhusu. Alipoitwa jukwaani alasiri hakuonekana. Wakasema jua limemchosha, amekwenda kupumzika.

"Alifanya kazi gani kabla ya kustaafu?"

"Mpulizaji dawa," Daktari alisema, na nusu ya neno la pili ikamfia mdomoni.

Hata hivyo Inspekta alikwenda kituoni kwanza. Palikuwa na mtu mahabusu, na nusu saa yake ilikuwa haijajibiwa. Nje watu walikuwa wameongezeka. Walimpisha apite bila kumsalimu. Spika alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, sindano mbili bado zimechomekwa kwenye ukosi wa shati. Alihojiwa usiku kucha na hakutoa hata herufi, jambo ambalo kwa mtu wa sifa zake lilikuwa ushahidi tosha, alisema mkuu wa kituo. Inspekta alimpa maji. Alimwuliza alikuwa wapi. Spika alimtazama Koplo, akauliza kama huyu kijana anaweza kutoka nje kidogo.

Koplo alipotoka, ukweli ulimwagika. Alikuwa amekwenda kwenye gari la Daktari. Alimpa dereva barua. Ilikuwa barua ya kuomba kazi ya kubeba masanduku ya mbu siku ya kuwaachia.

"Wewe?"

"Dada, nina watoto, na cherehani siku hizi wameniachia viraka tu," alisema Spika. "Lakini nisingeweza kuipeleka mbele za watu. Ikijulikana, mtaa huu nitauhama. Bora nifungwe."

Dereva alipigiwa simu. Alikiri kwamba kweli alipewa bahasha saa tisa na nusu, akaja nayo, haijafunguliwa. Inspekta aliisoma. Mwombaji alijieleza kuwa mtu mtulivu, asiyependa maneno mengi. Aliikunja akairudisha kwenye bahasha, akamwambia Spika avumilie mpaka mchana.

Kwenda kwa mpulizaji kulimpitisha mbele ya nyumba ya kwao. Hakuwa amekusudia, lakini barabara nyingine ilikuwa imechimbwa mtaro. Ukuta wa mbele ulikuwa umebomolewa, na chumba alicholala na dada zake kilikuwa duka la kutengeneza simu. Ngazi tatu za saruji tu ndizo zilizobaki, ile ya katikati ikiwa bado na alama za nyayo ndogo zilizokanyagwa ikiwa mbichi. Koplo alipunguza mwendo akauliza kama ndipo hapa. Inspekta alimwambia hapana, aendelee.

Bwana Dawa alikuwa uani kwake, ameketi kwenye kigoda, amezeeka mno. Mbele yake, juu ya gunia, vilikuwa vimepangwa vipande vya bomba la kupulizia: tangi, mkono wa pampu, mpira, mshipi wa ngozi, kichwa cha kutolea dawa na vishikizo vyake, kila kimoja mahali pake. Alikuwa anaosha. Tangi lile la shaba lilikuwa limepoteza mng'aro, ila mshipi ulikuwa umepakwa mafuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alimtazama kutoka chini hadi juu. "Umekuja na gari la polisi, halafu umevua viatu mlangoni. Wewe ni wa nani?"

"Wa mwalimu wa sayansi."

Mzee aliweka kitambaa chini. Alitafuta kidogo usoni mwake, kisha akapata alichokitafuta. "Yule wa paka."

Inspekta alikuwa amejiandaa kwa mengi, si kwa hilo. Alikuwa na paka mweupe. Siku ya kupuliza alimficha ndani ya gauni asitolewe nje, na Bwana Dawa alipomwona akacheka, akawaambia watu wote waliokuwapo kwamba dawa hii haina shida, si kwa paka, si kwa mtu, na akachovya ncha ya kidole akailamba. Siku nane baadaye paka akafa, akitetemeka. Wakafa na paka wengine wa mtaa, kisha panya wakajaa. Alipokuja tena baada ya miezi sita, msichana wa miaka saba alimsubiri kwenye ngazi akamwambia, ulisema haina shida.

"Nilikuwa nimeambiwa niseme hivyo," mzee alisema sasa. "Na kulamba kidole nilifundishwa. Sikukujibu siku ile. Nilipita ndani nikaendelea na kazi. Umewahi kupita mbele ya mtoto akikutazama namna hiyo?"

Inspekta alikaa kwenye ukingo wa baraza. Alimwambia kwamba yuko kazini, kwamba atakachosema kitaandikwa, na kwamba ana haki ya kunyamaza.

"Nimenyamaza miaka mingi. Andika." Alikunja mkono wa shati la kushoto. Ndani ya kigasha, kwenye ngozi iliyolegea, palikuwa na vipele vitatu. "Daktari alitaka niseme jukwaani hawaumi. Nikamwambia, nitasema nikiona. Nikaingiza mkono kizimba cha tisa. Nilikaa kadiri ya kuhesabu mia mbili. Wakaniuma mara tatu. Ninamjua mbu anayeuma, mwanangu, sihitaji miwani."

"Ulimwambia?"

"Palepale. Akaniambia ni wachache, hawana ugonjwa, nisiwachanganye watu, wageni wakubwa wanakuja Ijumaa. Sikusema ni mtu mbaya. Ameshikwa na tarehe. Hata sisi tulikuwa tukishikwa na tarehe."

"Basi ungesimama mkutanoni ukawaambia watu."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Aliuliza kama aliwaona watu wale walivyokuwa jana. Wangebeba mafuta ya taa. Wangelichoma lile jengo, na rafu, na mayai, na asingetokea mtu mwingine kuleta mbu wa namna hiyo katika mtaa huu mpaka wajukuu wazeeke. Naye alitaka waletwe. Alitaka sana. Alizika mtoto wa kwanza kwa homa kabla hajajua kushika bomba. Ndicho kilichompeleka kuomba kazi ile. Siku walipomstaafisha alirudi nyumbani na pakiti mbili za dawa zilizobaki, na tangu hapo hakuwahi kusikia wazo jema kuhusu mbu mpaka alipofika Daktari.

"Kwa hiyo nikaua hawa, ili achuje upya. Mayai nikayatoa nje. Na chai ya mlinzi. Ni mazoea. Huwezi kupuliza na chakula kiko ndani."

Aliomba apewe dakika afunge vipande vya bomba, visipotee. Inspekta alisema bomba ni kielelezo, atalazimika kulichukua. Mzee alielewa. Alimsaidia Koplo kuandika majina ya vipande, akimsahihisha kimoja baada ya kingine, na alipokwisha alimwambia mkwewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono kichwani, kwamba asimwekee chakula cha mchana.

Kituoni maelezo yalichukua saa nzima. Inspekta aliyaandika kwa mkono wake, akayasoma kwa sauti. Mzee alisikiliza kila sentensi ameinamisha kichwa. Ilipofika mwisho, kwamba yeye kwa hiari yake aliua mbu wasiouma elfu ishirini na nne, alirudisha kalamu mezani.

"Hapo sitii sahihi."

"Ndivyo ilivyoandikwa kwenye malalamiko, baba. Nimenakili."

"Nimeua, nakubali. Elfu ishirini na nne, kama wamehesabu, nakubali. Hilo neno la katikati sitii sahihi. Nilishalisema neno kama hilo nikiwa kazini."

Mkuu wa kituo alisema neno moja tu lisicheleweshe kazi. Inspekta aliinua simu akamwita Daktari, akamwomba aje mwenyewe.

Daktari alifika akiwa amepita katikati ya watu, na vumbi la mtu aliyemrushia kandambili lilikuwa bado begani. Inspekta aliweka mezani mbele yake vitu viwili: malalamiko aliyoyaandika jana, na kikaratasi chenye mbu sita wasio na ndevu. Daktari aliyasoma maneno yake kana kwamba yameandikwa na mtu mwingine. Kisha akachukua kalamu iliyorudishwa, akakata neno "wasiouma" kwa mstari mmoja, na pembeni akatia herufi za jina lake. Akauliza kama anaweza kuzungumza na watu walioko nje, au hilo nalo linahitaji kibali.

Alizungumza akiwa kwenye ngazi za kituo, bila kipaza sauti. Aliwaambia aliwadanganya. Hakusema alikosea hesabu. Alisema aliwadanganya, kisha akaeleza chekecheo, na majike, na mkono wa mzee. Kelele zilizopanda zilimfanya Koplo asogee mlangoni. Wako waliosema walijua tangu mwanzo. Wako waliogeuka wakaenda zao, na hao hawakurudi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisogea mbele, akasubiri kelele zipungue, akauliza kwa upole kama hao wachache wangeweza kumtia mwanawe homa.

Daktari alimjibu kwamba wakitoka mle hawana kitu. Lakini wakishatoka, akasema, jike akimuuma mgonjwa na kisha mtoto wako, atakuwa kama jike mwingine yeyote. Siwezi kukuahidi vinginevyo. Ijumaa hatuachii mbu.

"Na huko mbele, nani atatuhakikishia mmechuja?"

Daktari akawa anafikiri mbele ya macho yao, na pengine ndilo jambo la kwanza walilomwona akifanya bila karatasi mkononi. Mtu wa nyuma akapendekeza watu wawili kutoka kila mtaa wakae pale siku ya kuchuja. Mwingine akadai wawe watatu. Wakaanza kubishana kuhusu idadi, na Daktari akatoa kalamu akaanza kuandika majina.

Ndani, Inspekta alijaza fomu ya kumwachia Spika na kumrudishia ukanda wake, simu na sindano zake mbili. Bahasha alimrudishia kwa kificho. Kisha akaanza ya dhamana. Kesi ya mzee isingefutika. Kuingia bila idhini na kuharibu mali ni makosa, na jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka hata kama Daktari angeomba vipi. Lakini si lazima mtu wa miaka sabini na minane akalale sakafuni. Alihitaji mdhamini mmoja, mkazi wa mtaa, mwenye kazi inayojulikana. Aliuliza mapokezi kama yupo.

Spika, aliyekuwa ameshafika mlangoni, aliyelala mahabusu kwa kosa la mwingine, alisimama. Alimwangalia mzee kwenye benchi, viatu vimefunguliwa kamba, mikono mapajani. Akarudi mezani.

Inspekta aliandika jina lake, kazi, nyumba. Akafika kwenye mstari wa mwisho. "Uhusiano na mtuhumiwa?"

Kwa mara ya kwanza mtu yule alitafuta neno asilipate. Alisema andika jirani. Kabla kalamu haijagusa karatasi akamzuia.

"Kwetu mimi ni wa nne," alisema. "Watatu walionitangulia walikufa kwa homa, wote kabla hawajaanza kutembea. Mama anasema huyu alianza kupuliza mtaa wetu mwaka niliozaliwa. Nilibaki mimi, wakabaki na wadogo zangu." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Andika mwanawe."

Mzee hakuinua kichwa. Inspekta aliandika: mwanawe. Kisha akamsogezea Spika kalamu.